Mali Iliyookotwa

Kituoni, tarehe 5 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Kuna mlio umeniganda masikioni tangu Jumatatu. Natembea nao, naoga nao: kijiko kikigonga ukingo wa kikombe mara tatu. Ti, ti, ti.

Nilikuwa nimesimama kwenye korido, nje ya chumba cha mikutano, na daftari jipya na kalamu mbili, ya pili ya akiba kama ulivyonifundisha. Siku yangu ya kwanza kwenye kikosi cha upelelezi! Agizo jipya la makao makuu linasema kila kikosi kiwe na askari wa kike, na jina lililobandikwa ubaoni lilikuwa langu. Nililisoma mara nne, nikaondoka, nikarudi kulisoma tena nikijifanya natafuta ratiba ya zamu. Basi niliposikia ule mlio nikadhani ndiyo ishara kwamba mkutano unaanza. Nikaingia, nikapiga saluti mpaka kofia ikacheza, nikavuta kiti. Wanaume sita wakanitazama. Mkuu wa Kituo, wa saba, hakuinua hata macho.

"Ya maziwa mbili, ya rangi tano," alisema. "Yangu usitie sukari."

Nilipotoka nilimkuta dada wa kaunta, ambaye ana miaka kumi na moja hapa, ameshabandika birika. Alikuwa na tabasamu la mtu anayekabidhi lindo asubuhi. Akanieleza kwamba mlio ule ni wa askari wa kike aliye mdogo kuliko wote, na kwamba alipokuja aliukuta. Sasa mdogo ni mimi. "Mimi nimestaafu leo," akasema, akanipa trei.

Kijiko chenyewe nimekichunguza nikiosha vyombo. Ni cha chuma, kizito, cha zamani, mpini umepinda kidogo, na nyuma kina mikwaruzo miwili iliyolingana. Hakikorogi chai ya mtu. Kazi yake ni kugonga tu.

Sijavunjika moyo, usianze kunionea huruma. Nataka jambo moja tu duniani nawe unalijua: ile kozi ya upelelezi ya miezi sita, kisha nirudi nishike majalada yenye jina langu juu. Mwaka huu kituo kimepewa nafasi moja na lazima iende kwa mwanamke. Kwa hiyo niko mlangoni kabisa, hata kama nimeshika trei. Lakini niambie. Wewe ulikuwa mpelelezi katika kituo hikihiki miaka ishirini na sita. Walikugongea? Ulikataaje? Ulikataa siku ya kwanza, au uliwaacha kwanza wakuzoee? Nani aliandamana nawe? Na buti, je, nazo zilikubana kisigino? Kufuli, yule koplo wa ghala, alikuwepo tayari? Gwaride lilikuwa saa ngapi? Ulilala vipi usiku wa kesi yako ya kwanza? Mimi silali, nafikiri tu.

Binti ya kaka yako,
Konstebo (mkono bado haujazoea kuliandika),
Maswali


Nyumbani, tarehe 13 Februari

Maswali,

Marahaba. Nimeyahesabu. Hata mtuhumiwa hupewa nafasi ya kumeza mate.

Nitajibu ninayoyaweza. Buti zikibana kisigino, zivae na soksi zilizoloweshwa, zikukaukie mguuni siku nzima; zitasalimu amri. Kufuli mwamkie vizuri. Anajifanya kiziwi lakini hana jambo analosahau. Gwaride lilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na nadhani mpaka leo ni hiyohiyo, kwa maana polisi hubadilisha sare kabla ya kubadilisha saa.

Kuhusu chai, haijawahi kuua mtu. Peleka trei, na masikio yapeleke pia. Watu huzungumza mbele ya trei kama wanavyozungumza mbele ya ukuta.

Hayo ya enzi zangu ni marefu, na mkono wangu siku hizi unachoka haraka.

Tena usinipigie simu kwa mambo ya kazi, kama ulivyofanya Jumapili. Andika. Maneno ya simu hayana tarehe wala sahihi, na kazini kwetu kisichoandikwa hakikutokea.

Kula vizuri. Kofia isicheze.

Shangazi yako


Kituoni, tarehe 1 Machi

Shangazi,

Nimekamata mwizi! Mikono yangu haikumgusa, lakini nimemkamata. Acha nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho utanirudisha.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja fundi cherehani alikuja kaunta. Vyerehani vyake vitano vilikuwa vimeibwa karakanani. Dada wa kaunta alikuwa ameenda kula, kwa hiyo taarifa niliiandika mimi. Nilimuuliza mpaka akaniuliza kama nataka kujifunza kushona. Kitu kimoja kikanikaa. Alisema mwizi aliacha sindano. Kila cherehani kilitolewa sindano kwanza, na zote tano zikapangwa kwenye kifuniko cha kopo, juu ya meza, kwa usafi kabisa.

Alhamisi, ti, ti, ti. Naingia na trei, nawakuta wameshaamua. Mlango haukuvunjwa, funguo anazo mlinzi, basi mlinzi akamatwe mchana huohuo. Nilikuwa namimina kikombe cha tatu. Nikasikia mtu anasema, "Mlinzi hawezi kutoa sindano, afande." Huyo mtu alikuwa mimi.

Nikaendelea kwa kuwa kunyamaza katikati kungekuwa aibu kubwa zaidi. Nikasema mlinzi angebeba na kukimbia. Anayetoa sindano kabla ya kuhamisha cherehani ni mtu aliyefundishwa kwamba sindano huvunjika njiani, na anayeziacha mezani ni mtu mwenye sindano zake. Tafuteni fundi aliyewahi kufanya kazi pale akashika funguo. Birika lilikuwa bado mkononi mwangu.

Mkuu aligonga kikombe mara moja. Sikujua kugonga huko kwa mara moja kuna maana gani.

"Umemaliza kumimina?"

Nikasema nimemaliza.

"Basi funga mlango."

Nikaufunga, nikiwa upande wa nje.

Jumamosi wamevikuta vyerehani vyote vitano kwa fundi aliyeacha kazi pale mwaka jana. Mlinzi hakuguswa; alipita mbele ya kituo na baiskeli yake, hajui hata kwamba alikuwa amenusurika. Yule mama alikuja kaunta, akanishika mikono yote miwili. Jaladani wameandika "uchunguzi wa kikosi". Jina langu halimo. Lakini nilikuwa sahihi, Shangazi! Nilijifungia chooni nikaruka, nikagonga kichwa kwenye tangi la maji, nikaruka tena. Sasa najua kwa nini ulikaa kazi hii miaka yote ile. Utoto wangu wote nilikuwa nakusikiliza ukimsimulia baba nani kakamatwa leo, na Jumamosi kwa mara ya kwanza nilijiona nafanana nawe.

Niandikie haraka. Nataka kujua kama nawe uliruka.

Maswali


Kituoni, tarehe 20 Machi

Shangazi,

Hujajibu. Baba anasema huumwi, ila unapalilia bustani kama mtu anayetafuta kitu kilichozikwa.

Jana Mkuu aliniita ofisini, akaniambia niketi. Sijawahi kuketi mbele yake. Mezani kulikuwa na fomu ya makao makuu, wanaiita Fomu ya Ushiriki, imeshajazwa kwa mwandiko wake na imebaki sahihi yangu. Inasema tangu Februari nimeshiriki kikamilifu katika mikutano yote ya kikosi. Kama mfano, imetaja kesi ya vyerehani.

Nikasema, afande, siku ile niliambiwa nifunge mlango. Hakukasirika. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichanganya.

"Ulikuwemo chumbani au hukuwemo?"

Nilikuwemo, afande.

"Ulisema au hukusema?"

Nilisema.

"Basi fomu inadanganya wapi, mwanangu?"

Nikisaini, jina langu linakwenda kwenye kozi. Nisiposaini, itaonekana kituo hakikufuata agizo na nafasi itapewa kituo kingine. Nina hadi tarehe 31.

Nilitoka pale kichwa kinawaka, nikaenda ghala kwa Kufuli kupeleka simu iliyookotwa sokoni. Nikamwambia natamani kukitupa kile kijiko chooni. Akaacha kuandika.

"Ukitupe? Kijiko cha shangazi yako? Yeye ndiye aliyekileta, na yeye ndiye aliyewafundisha kugonga."

Nikamwambia haiwezekani, shangazi yangu alikuwa mpelelezi. Akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau.

"Shangazi yako alikuwa kaunta, binti. Miaka yote."

Nilirudi nikakitazama upya. Mikwaruzo miwili. Vijiko vya bibi vyote vina mikwaruzo miwili, na sufuria zake, ili vikiazimwa kwa shughuli za majirani virudi nyumbani. Nimekulia vijiko vilivyozaliwa pamoja na kile, na nimekiosha karibu miezi miwili bila kukitambua. Mimi, ninayetaka kuwa mpelelezi.

Leo nina swali moja tu. Kwa nini?

Konstebo


Nyumbani, tarehe 25 Machi

Maswali,

Umesaini "Konstebo" peke yake. Nimeona. Keti usome. Barua hii nimeiandika mara tatu, na mbili za kwanza nimewashia jiko.

Kufuli amesema kweli. Nilipoanza kazi nilikuwa mwanamke pekee kituoni, na chumba kile cha mikutano kilikuwa mwiko kwangu. Nilikaa kaunta nikisikia wakitaja majina ya watu ambao taarifa zao niliandika kwa mkono wangu, wanakosea mambo niliyoyajua, na mlango umefungwa. Siku moja nikamwambia mkuu wa wakati ule: afande, mnakunywa chai iliyopoa, niiteni niwe nawaletea ya moto. Nikaleta kijiko kutoka kwa mama, kwa sababu vya kituo vilikuwa vyepesi, havisikiki mpaka kaunta. Nikawaonyesha. Gongeni mara tatu.

Mlio ule ulikuwa ufunguo wangu, mwanangu. Ukilia, mlango unafunguka. Hakuna mwanamke aliyewahi kumimina chai polepole kama mimi. Nikisikia kosa, nilimnong'oneza Kufuli, wakati huo kijana mwembamba mwenye nywele, naye akalisema mkutanoni kana kwamba ni lake. Kesi nyingi zilipona hivyo. Jioni baba yako aliuliza nani kakamatwa, nikamtajia. Neno "mpelelezi" alilianzisha yeye, mbele ya wageni, kwa kujivuna. Sikulikataa. Likaota meno, na baadaye ningelikataa vipi, wakati wewe ulikuwa unatembea uani na kofia yangu?

Hilo ningeweza kukusimulia nikicheka. Lililonipeleka bustanini ni la pili.

Mwaka wangu wa kumi na tano aliletwa msichana mwenye akili kama zako. Kijiko kilipolia, hakwenda. Kikalia tena, akaendelea kuandika. Aliandika malalamiko, karatasi moja safi, akaniletea niweke sahihi kama shahidi. Ilikuwa siku ya mkaguzi. Nikamwambia nitasaini baada ya chai. Nilipoingia na trei, mkaguzi akaniuliza mbele ya wote kama kuna jambo lolote linalowasumbua akina mama wa kituo hiki. Nikasema, "Hakuna, afande." Nikamimina. Msichana yule alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake, alinisikia.

Alihamishwa wiki iliyofuata, na kabla ya mwaka kwisha aliacha kazi. Sikwenda kumuaga. Niliogopa kwamba kijiko kikiondoka mlango wangu utafungwa, na sikutaka kuona kwamba wenzangu wanaokuja nyuma wanafungwa nacho.

Ulipoandika habari za sindano nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, kisha nikashindwa kushika kalamu. Umesema unafanana nami. Hapana. Mimi ningenong'ona.

Kuhusu fomu, sikuambii usaini wala usisaini. Niliitamani kozi ile miaka ishirini na sita, kwa hiyo najua unachoombwa kuweka mezani. Ila barua hii ina tarehe, na nyuma ya karatasi nimeandika jina langu lote na namba yangu ya kazi, jambo ambalo sikulifanya siku ile. Ni yako. Itumie au ichome.

Na ndiyo, niliruka. Mara moja tu, nyuma ya ghala. Muulize Kufuli.

Shangazi yako


Kituoni, tarehe 1 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na nyingine mbili, kwa sababu barua zangu zote mbili za Machi nilizianza bila salamu. Mambo yameshafanyika, kwa hiyo usihangaike kunizuia.

Barua yako ilifika Jumatatu asubuhi. Niliisoma nyuma ya ghala, palepale, nikaikunja nikaitia mfuko wa kombati, nikaenda kupeleka chai kama kawaida. Mkutano ulipokwisha nilibaki kukusanya vikombe. Kijiko kilikuwa kimeanguka chini ya meza. Walipita wote saba na hakuna aliyeinama. Nikainama mimi. Na nikiwa kulekule chini, nimepiga magoti kati ya miguu ya viti, ikanijia kwamba mimi ni askari na kazi ya kaunta naijua. Mtu akiokota kitu chenye alama ya mwenyewe, kinafanywaje? Kinaandikwa.

Nilifungua daftari la mali zilizookotwa. Kijiko kimoja cha chuma, kizito, mpini umepinda, mikwaruzo miwili nyuma. Kimeokotwa chumba cha mikutano, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Dada wa kaunta akauliza naandika nini. Nikamsomea. Akamhudumia mtu mmoja aliyepoteza kitambulisho, akarudi, akachukua kalamu yangu ya akiba na kuweka sahihi kwenye nafasi ya shahidi. "Nimerudi kazini," akaniambia. Kufuli akakitia bahashani, akaibandika lakiri, akakifungia ghala.

Jumanne Mkuu aligonga kikombe kwa kalamu. Haikusikika popote. Baada ya muda akatoka mwenyewe mpaka kaunta kuuliza kijiko kiko wapi. Kufuli alimpigia saluti nzito, ya gwaride la wageni.

"Kiko ghala, afande. Hakitoki bila sahihi ya mwenyewe."

Mkuu akavuta daftari, akasoma mstari wote hadi mwisho, akiwa ameweka kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kilichoingia kwenye daftari hakifutwi wala hakikwaruzwi. Nilidhani atafoka. Aliniuliza tu kama nina uhakika na saa. Nikasema nina uhakika. Akarudi chumbani, na siku hiyo walikunywa maji.

Sasa fomu. Sikusaini pale alipoandika yeye. Lakini nyuma ina nafasi ya maelezo ya askari, mistari kumi na miwili ambayo hakuna anayeijaza, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, inasema askari mwenyewe ndiye atakayeirudisha makao makuu. Nikaijaza mistari yote. Niliandika kwamba naingia mkutanoni nikiitwa kuleta chai, kwamba nimesema mara moja na nikaambiwa nifunge mlango, na kwamba habari za sindano tano niliziuliza mimi. Nikaweka sahihi hapo. Nikaambatanisha barua yako. Nilisita mbele ya daftari la barua zinazotoka, maana kozi inaweza kuondoka ndani ya bahasha ileile. Tarishi aliichukua jana saa nne asubuhi. Kozi bado naitaka, Shangazi, naitaka mpaka meno yanauma. Na usiku nimelala, kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Limebaki jambo lako. Kwenye safu ya mwenye mali nimeandika jina lako lote, kama lilivyo nyuma ya barua. Kanuni unaijua: mwenye mali hufika mwenyewe, na kitambulisho, akasaini mbele ya Mkuu wa Kituo. Ndani ya bahasha hii utakuta hati ya wito, imepigwa muhuri. Nimekuandikia Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi, ambayo ni saa ya mkutano. Kufuli anapiga pasi sare yake tangu jana na anadai ni kwa sababu ya vumbi.

Leo asubuhi nimebeba viti viwili kutoka kaunta nikaviingiza chumba cha mikutano, nikavipanga mezani. Chako kiko karibu na dirisha. Changu nimeshakikalia, mkutano wote, nimeshika kalamu.

Maswali
Konstebo, kikosi cha upelelezi